Mchanga Husomwa kwa Miguu

Dereva mzoefu wa Kitui Kusini akifika kwenye mto wa mchanga, kwanza huzima injini. Hushuka, huvua viatu na kuuvuka mto kwa miguu hadi ng'ambo, kisha hurudi kwa kupitia upande mwingine. Wageni waliokuja kutembea, ambao asubuhi walikuwa wakisifu nguvu za gari, huanza kutazama saa. Ningewashauri washuke wamfuate. Sehemu kubwa ya kazi aliyolipwa anaifanya hapo, miguu mitupu. Kinachobakia gari kufanya ni kidogo.

Watu wa mjini wakitaka likizo ya kuendesha gari nyikani hufikiria Chalbi na Turkana, na hawakosei, kwani kule kuna upana unaomtuliza mtu. Lakini anayetaka kuuona ufundi wenyewe mimi humwelekeza Ukambani. Anaiacha barabara ya Mombasa pale Kibwezi, anauvuka mto Athi unaotenganisha Makueni na Kitui, na kupanda uwanda wa Yatta, ule ulimi wa lava wenye urefu wa kilomita zipatazo 290, mmojawapo wa ndimi ndefu zaidi duniani. Siku hizi lami inamfikisha Ikutha na Mutomo bila jasho. Akigeukia mashariki kuelekea Mutha, lami inaisha, udongo unakuwa mwekundu, mibuyu inatengana, na njia inabaki mistari miwili ya magurudumu kati ya miiba. Mbele kuna Hifadhi ya Kitui Kusini, iliyotangazwa mwaka 1979, kilomita za mraba 1,833 zinazopakana na Tsavo Mashariki. Wageni ni wachache sana. Si jangwa la matuta; ni nyika kame, na mchanga wake umelala ndani ya mito.

Mito yenyewe, Tiva na Thua na vijito vyake, haina maji juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua huumenya mwamba wa kale wa vilima vya Kitui, huushusha ukiwa punje, na kuzipanga punje hizo kwa uzito. Katikati ya mto, palipokuwa na mkondo wenye nguvu, mchanga ni mkubwa na mkali, na humbeba mtu vizuri. Kandokando, maji yalikotulia kabla ya kukauka, kuna tope laini lenye ganda juu. Ganda hilo linapendeza macho kwa kuwa limenyooka kama sakafu, na ndilo linalomeza akseli. Ndiyo maana dereva anatembea peku. Kisigino kinahisi ganda linapobonyea, kidole gumba kinahisi ubaridi wa maji yaliyo karibu, na macho yanatafuta nyayo za punda, kwa sababu punda wa kuchota maji hupita pale pale kila siku na njia yake imeshindiliwa.

Akirudi, anatoa upepo. Tairi lililokuwa na psi 35 analishusha hadi 18 hivi, na mchanga ukiwa mwepesi sana hulishusha zaidi kidogo. Wengi hudhani tairi hulegezwa ili lipanuke. Hupanuka kidogo tu. Kinachoongezeka hasa ni urefu wa ile sehemu inayogusa chini, kwenda mbele na nyuma, hata uzito wa gari ukasambaa na tairi likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Anachutama kwenye kila gurudumu na kipimo chake, anabonyeza, anasikiliza, anapima, anabonyeza tena. Hakuna anachokifanya kwa kukisia, ingawa kwa uzoefu alionao angeweza.

Kisha anaingia. Gia anaichagua ukingoni, kwa sababu kubadilisha katikati ni kupoteza mwendo, na mwendo ukipotea hapo haurudi. Usukani anaushika kama mama anayepepeta ndengu: mikono inacheza, haikazi. Gurudumu la mbele likitaka kufuata mfereji wa zamani analiacha lifuate, halafu analirudisha taratibu. Hakati kona kwa ghafla, maana tairi lililolegea linaweza kuchomoka kwenye rimu. Breki haigusi, kwa kuwa hujenga kizuizi cha mchanga mbele ya kila tairi. Akitaka kusimama anaachia mafuta, na gari linajisimamia lenyewe. Na gurudumu likianza kuzunguka bure, anaondoa mguu papo hapo. Hapo ndipo fundi na mwanafunzi wanapotofautiana waziwazi. Mwanafunzi huongeza mafuta, na kila mzunguko unamzamisha zaidi. Fundi hushuka, hukwangua mchanga mbele ya magurudumu na chini ya difu, hurudi nyuma nusu mita juu ya alama zake mwenyewe, kisha huondoka tena kwa upole.

Ufundi huu una historia ndefu. Katika miaka ya 1920 na 1930 ofisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alizunguka jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford. Yeye na wenzake walijifunza kulegeza matairi na kuweka mabati ya chuma chini ya magurudumu yaliyozama. Mwaka 1941 alitoa kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, ambacho wanasayansi hawajaacha kukirejelea. Mchanga wa Bagnold, hata hivyo, uliletwa na upepo. Wa Ukambani umeletwa na maji, na bado una maji ndani. Jambo hilo, kwa maoni yangu, linaufanya ufundi wa hapa kuwa na kina chake wenyewe.

Kitui na Makueni zina mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe au zege uliojengwa kukatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji katikati ya punje, mbali na jua. Robo ya ujazo wa mchanga huo, wakati mwingine zaidi, huwa ni maji. Dereva anayejua havuki upande wa juu wa mto karibu na ukuta, palipojaa maji mpaka mchanga unaweza kulegea na kuyeyuka chini ya uzito. Wala hakanyagi karibu na visima vya kuchimbwa kwa mkono, hata kama hapo ndipo pafupi. Huzunguka. Akiwakuta akina mama wakichota, husimama mbali, huwasalimia, na kuuliza njia ya kupita; nao humwonyesha. Kwenye Tiva tembo nao huchimba mchanga kutafuta maji, na shimo la tembo halina budi kuzungukwa vilevile. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, baada ya malori kukomba mito hadi kwenye mwamba. Naiheshimu sana sheria hiyo. Mto uliokombwa hauna tena maji ya kumnywesha mtu.

Mito hii pia hurudi. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanaweza kufika chini ilhali anga hapo ni jeupe kabisa. Kwa hiyo hema halipigwi kamwe ndani ya mto, hata mchanga uwe laini na kivuli cha mti wa mulaa kiwe kizuri namna gani. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukambani haujasahau. Nimemwona dereva akikaa ukingoni tangu saa nane hadi kesho yake asubuhi, maji yakiwa ya magotini tu, abiria wakinung'unika. Alichomeka kijiti penye ukingo wa maji, na kila alipoona yamekipita alikihamisha. Hakujibu manung'uniko. Sijaona udereva uliotukuka kuliko ule wa kukaa kando ya kijiti.

Ardhi ikiwa ngumu tena, upepo unarudishwa. Tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka ubavuni; kwenye njia ya miiba ubavu uliotuna ni rahisi kutobolewa. Dereva huunganisha pampu kwenye betri, na wakati inanguruma hupitisha kiganja kwenye kila tairi, ndani na nje, akichomoa miiba kwa koleo.

Anayetaka kwenda aende Agosti au Septemba, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, na magari yawe mawili. Abebe kipimo cha upepo kinachosoma sawasawa, pampu, mabeleshi mawili, matairi mawili ya akiba, na maji mengi kuliko anavyodhani. Akifika Mutomo amtafute dereva anayepeleka bidhaa Mutha, amwombe kiti cha mbele kwa safari moja kabla ya kushika usukani wake mwenyewe.