Mkono wa Kulia ni wa Kulia

Kila jioni, baada ya magharibi, mchoma mishikaki wa mtaani kwetu Tanga huwasha makaa, nami huvuta kiti karibu. Wenzangu huja kula. Mimi pia nala, ila kwanza naangalia mikono.

Wa kushoto ndio wa mbichi. Unaingia kwenye beseni la nyama iliyolala kwenye papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, unatoa mshikaki, unaulaza jikoni. Wa kulia unapepea kwa kipepeo cha ukindu. Siku moja nilimuuliza sababu. "Mkono wa kulia ni wa kulia," akanijibu, akacheka.

Vipande vyote amevikata sawa, pingili moja ya kidole gumba, kisibaki kimoja kibichi wenzake wakiungua. Nyama ikianza kuiva, ile rojo ya beseni haigusi tena. Ana bakuli lake la mafuta na ndimu la kuipaka nyama. Kisha huchagua kipande kinene kuliko vyote, akakipasua, akatazama maji yanayotoka. Shirika la Afya Duniani linataka nyama ifike nyuzi 70 ndani. Yeye hana kipimajoto, ana subira.

Hapo wengi huona kazi imekwisha, kumbe ni nusu. Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, zaidi ya watu 1,000 waliugua kwa bakteria wa listeria na zaidi ya 200 wakafa. Chanzo kilikuwa poloni, nyama iliyokwisha kupikwa. Bakteria huyo moto humuua, lakini akiipata nyama baada ya moto, hata kwenye friji huzaliana. Nyama iliyoiva haina kinga ya kuchafuliwa upya.

Ndiyo maana mishikaki iliyoiva hushikwa kwa koleo lake, ikawekwa kwenye sinia lake, pembeni mwa makaa ikae moto. Kachumbari hukatiwa ubao ambao haujawahi kuonana na nyama. Tena huchoma kidogo kidogo, kwa kadiri ya wateja waliosimama.

Juzi mvua iliwafukuza watu, makaa yakazimika mapema. Saa tano usiku mishikaki minne ilikuwa bado siniani, imepoa zaidi ya saa mbili. Akaikusanya, akawatupia paka.

"Hasara hiyo," nikamwambia.

"Ya mishikaki minne," akasema, akainama kusugua beseni.