Ukubwa wa Meli na Haja ya Abiria



Kuna mabishano makali baina ya watu wenye desturi ya kupanda meli za anasa, zile zinazozunguka baharini siku saba au kumi na kisha kumrudisha abiria pale pale alipopandia. Wengine wao hushangilia kila inapotangazwa meli mpya iliyo kubwa kuliko ya mwaka uliopita. Wengine hununa, na kusema ya kuwa mambo yamevuka mpaka. Huenda ukaona kwamba ugomvi huo wa matajiri wa Miami hautuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao twatazamia chombo cha kutufikisha Karema tukiwa hai. Lakini watuhusu, tena kwa njia ya karibu sana. Kiwanda kimojawapo kati ya vile vikuu vinavyounda meli hizo ndicho kilichoiunda Liemba.

Kiwanda hicho ni cha Meyer, katika mji mdogo wa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, kando ya mto Ems na mbali na bahari. Mwaka 1913 kiliunda meli iliyopewa jina la Graf von Goetzen, gavana aliyetawala nchi hii wakati Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Meli ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapakiwa garimoshini mpaka Kigoma, na hapo ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza walizipaka mashine zake mafuta mazito, kwa tamaa ya kuirudia siku moja. Hawakuirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilihili. Urefu wake ni kama mita 70, na huchukua abiria wapatao 600.

Sasa tazama kilipofikia kiwanda hicho. Januari 2024 meli iitwayo Norwegian Dawn iliingia Dar es Salaam na watalii zaidi ya 2,000, na magazeti yetu yakaisifu kwa ukubwa wake, karibu mita 300. Hiyo nayo ilitoka Papenburg mwaka 2002. Lakini kwa mizani ya leo hiyo ni ya wastani tu. Kiwanda cha jamaa hao hao kilichoko Turku, Finland, kimetoa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi huo huo wa Januari 2024. Ina urefu wa mita 365, sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, na ikijaa huchukua abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Kwa kipimo cha ujazo wakitumiacho mabaharia ni zaidi ya tani 248,000. Titanic, ambayo mwaka 1912 watu waliiona kuwa ndio ukomo wa uwezo wa binadamu, ilikuwa tani 46,000.

Tuwasikilize kwanza wenye kuzipenda meli hizi, maana insafu yataka hivyo. Wao husema: katika meli kubwa babu, mama na mtoto kila mmoja hupata la kumfurahisha, na jioni hukutana mezani bila ya yeyote kununa. Husema pia kuwa mawimbi hayaisumbui kama yanavyoisumbua ndogo, na kuwa gharama ya abiria mmoja hupungua kila chombo kinapopanuka, hata safari iliyokuwa ya makabaila ikawa ya karani na mwuguzi. Hoja hizi si za kipuuzi. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kustarehe, na hakuna haja ya kumwonea kijicho.

Ama wenye kuzichukia husema: foleni ya chakula, foleni ya kushuka, foleni ya kupanda tena, kiti cha kando ya bwawa hukamatwa alfajiri kwa kuwekewa taulo, na bandari ndogo nzuri za zamani haziingiliki tena. Picha za Icon zilipoenea mwaka 2023, kabla haijaanza kazi, watu wengi waliitazama kwa kuchukizwa hasa. Nao wenyeji wa baadhi ya miji wamechoka. Mji wa Venice, Italia, uliona meli hizi zikipita juu ya mapaa yake kama majengo yanayotembea, na tokea Agosti 2021 serikali imezipiga marufuku zilizo kubwa kupita katikati ya mji.

Sikiliza mabishano haya mpaka mwisho, msomaji, utaona jambo la ajabu. Pande zote mbili zasemea starehe yao. Huyu ataka bembea ya maji, yule ataka utulivu. Ni nadra kumsikia anayeuliza meli yaenda wapi, na inawafaa nini watu wa huko iendako. Na haishangazi, kwani chombo cha kusafiria kimekuwa ndicho safari yenyewe. Kampuni hupata faida yake abiria anapotumia fedha humo ndani, kwa hiyo mji wa watu ni mshindani wake. Huko Haiti, pwani ya Labadee, kampuni moja ilianza tokea mwaka 1986 kuwashusha abiria katika eneo lililozungushiwa uzio, wakaoge na kula na kurudi melini. Mtu aweza kusema amefika Haiti bila ya kuonana na Mhaiti, isipokuwa yule anayemhudumia.

Kuna na la kuchekesha zaidi. Baada ya kukusanya umati ndani ya chombo kimoja, kampuni huwauzia walio na fedha nyingi sehemu yao maalumu, yenye bwawa lake, mkahawa wake na mlango wake, ili wasionane na umati huo. Yaani abiria hulipa ili apande meli kubwa, kisha hulipa tena ili ajifanye yumo katika ndogo! Sijui neno litakalofaa hapa kama si israfu. Na wale mabaharia, wapishi na wafagiaji, wengi wao wakiwa Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, hukaa miezi mingi mbali na watoto wao, katika vyumba vya chini visivyo na dirisha. Katika mabishano ya abiria wao hutajwa pale tu huduma inapochelewa.

Hata waundaji hawakusalimika na tamaa hii. Mto Ems umechimbwa na kuchimbwa tena ili majitu hayo yapite kwenda baharini, wakati mwingine huburutwa kinyumenyume, na maji ya mto hayana budi kuzuiliwa kwa lango maalumu ili kina kitoshe. Wenye kuujali mto huo wamelalamika miaka mingi. Mwaka 2024 kiwanda chenyewe kilielemewa, ikabidi serikali za Ujerumani zichukue karibu asilimia 80 ya hisa zake. Anayeagiza ukubwa siye peke yake anayeulipia.

Hapo huenda msomaji wa Kigoma akajipongeza, akasema: sisi tuna Liemba yetu, ndogo na ya heshima. Ngoja kidogo. Na hao wapenzi wa Liemba tuwatazame kwa jicho hilohilo.

Wageni wengi waliokuja kuipanda walikuja kwa ajili ya umri wake. Walisikia kuwa ndiyo iliyompa C. S. Forester wazo la meli ya Wajerumani katika riwaya yake ya 1935, The African Queen, iliyotengenezwa filamu mwaka 1951. Ni filamu nzuri, nakiri. Lakini ndani yake ziwa ni uwanja wa Wazungu kupigana na kupendana, na watu wa mwambao hawana neno la maana la kusema. Mgeni aliyelelewa na hadithi hiyo hupiga picha kutu, husifu mashine, hufurahia kuchelewa kwa meli siku mbili kana kwamba ni sehemu ya tamasha. Humsikitikia mtu anayetaka chombo kipya. Kuchelewa siku mbili ni raha kwa mwenye likizo. Kwa mwenye samaki wabichi ni hasara, na kwa mwenye mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Mapenzi haya ya uchakavu ni ndugu wa mapenzi ya ukubwa: yote mawili huiangalia meli yakamsahau abiria.

Na tusijitakase: Liemba nayo ilikuwa na madaraja yake, kitanda kwa mwenye kulipa na sakafu kwa asiyeweza. Lakini ilikwenda kwa watu. Ilitoka Kigoma kuelekea kusini, ikapita Lagosa, Karema, Kirando, Kipili na Kasanga mpaka Mpulungu, Zambia. Vituo vingi havikuwa na gati. Ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka usiku kwa usiku. Mtoto akapokewa kwa mikono, gunia la dagaa likavutwa kwa kamba, kuku na mananasi vikabadilisha mwenyewe kabla nanga haijatulia. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo kwa maelfu mengi. Na Mei 2015, Warundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia kati yao, ni meli hii ya miaka 100 iliyokwenda na kurudi ikiwachukua kama 600 kwa safari kuwaleta Kigoma. Hakuna mkimbizi aliyeuliza ina sitaha ngapi.

Kisha mwaka 2018 ikasimama. Mwongozo, meli ya pili ya abiria, ilikuwa nayo imelala. Tangu hapo mwenye safari ya ziwani akategemea maboti ya mbao yenye injini, yale yanayopakia Kibirizi na pwani ya Ujiji, watu wakikaa juu ya magunia na mapipa. Manahodha wake wengi ni mahodari, walirithi ujuzi huo kwa baba zao. Lakini ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na upepo wake haungoji. Desemba 2014, upande wa Kongo, MV Mutambala ilizama na watu zaidi ya 100 wakafa.

Ndipo tunaposikia majibu ya fakhari: tujenge kubwa! Huko Mwanza, Februari 2023, ilishushwa majini meli ya mita 92, ya kuchukua abiria 1,200 na magari, na jambo lililokaririwa zaidi lilikuwa kwamba ni kubwa kushinda zote za Maziwa Makuu. Mimi siichukii meli hiyo, Bukoba wanaihitaji. Nachukia sifa hiyo kuwa ndiyo ya kwanza. MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikaua watu zaidi ya 800, ilikuwa na idhini ya abiria 430. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikaua zaidi ya 220, ilikuwa na idhini ya watu 101. Hapakukosekana ukubwa. Alikosekana mtu wa kusema gatini, "Basi, imetosha," na kusikilizwa. Nako kwenye bahari za anasa, Januari 2012, Costa Concordia yenye watu zaidi ya 4,000 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na nahodha akaiacha kabla ya abiria wake. Watu 32 walikufa. Amana haipimwi kwa mita.

Mwaka 2023 ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati Liemba, pamoja na mipango ya kujenga Kigoma kiwanda cha meli na meli ya mizigo ya tani 3,500. Habari njema hizo. Lakini katika hotuba tunasikia tani, mita na mabilioni. Ungemwuliza mama mwenye biashara ya dagaa pale Kibirizi, maswali yake yangekuwa mengine. Je, siku ya kuondoka itakuwa ile ile kila juma, au atalala gatini na mzigo wake ukiharibika? Nauli ya gunia ataitoza nani, na risiti itakuwa na bei gani? Jaketi za kujiokolea zimo za kuwatosha na watoto, au zimefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyebaki nchi kavu? Nani anaandika majina ya wanaopanda, hata wale wanaopandia njiani kutoka mitumbwini? Maana palipo na msiba, jina lisiloandikwa ni maiti isiyotafutwa.

Na swali moja ningeliongeza mimi. Chombo kikiwa kizito na kirefu zaidi, kitasimama mbali zaidi na pwani pale pasipo na gati. Mzee wa Kirando atatoka nyumbani kwa mtumbwi uleule, katika giza lilelile, na ubavu wa chuma utakuwa juu zaidi kwake kuliko ule wa Liemba. Kabla ya kuongeza mita za meli, ningependa kuona mita chache za gati katika vijiji hivyo, na taa moja juu yake.