Nani Anawapanga Wanaojipanga?

Sentensi iliyochoka kuliko zote Kenya ina maneno mawili: "Rudi ujipange." Nimeisikia Matuu wakirushiwa vijana wanaouza maembe kando ya barabara ya Thika–Garissa. Nimeisoma pia kwenye hadithi kibao za waandishi wa rika letu, na hakuna mhusika anayeiuliza swali. Ukiisoma kwa makini, utaona mzigo wote umebebeshwa kiambishi kimoja kidogo, "ji". Ukikwama, shauri yako.

Tuijaribu basi kwa kitu kinachojipanga kikweli. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinakula hemoglobini. Kinachobaki ni hemu, molekuli bapa yenye atomu moja ya chuma katikati, na hiyo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Sasa tazama. Hemu mbili zinashikana, chuma cha moja kikikamata mkono wa pembeni wa nyingine. Jozi inakaa juu ya jozi mpaka inatokea fuwele inayoitwa hemozoini. Kwenye hadubini ya maabara inaonekana kama punje za kahawia iliyokolea. Alphonse Laveran alikuwa akichunguza punje hizo Algeria mwaka 1880 alipogundua kimelea cha malaria.

Hakuna aliyeifokea hemu. Imejipanga kwa sababu imo kwenye kifuko chenye asidi, karibu na mafuta yanayoirahisishia kuungana. Ikikosa hali hizo, inabaki sumu inayoelea. Na anayefaidi mpango huo wote ni kimelea.

Klorokwini ilipigania hapo hapo. Ilijibandika kwenye fuwele, hemu mpya ikakosa pa kushika, kimelea kikauawa na takataka zake. Baadaye vikaenea vimelea vinavyoisukuma dawa nje ya kifuko, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitumia kama tiba ya kwanza. Hemu ni ile ile, bana. Kilichobadilika ni kifuko.

Ndiyo maana sentensi ile inanikera zaidi nikiisikia Matuu. Kilimo cha hapa hakikusimama kwa bidii pekee. Kilifuata Mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya mto Thika. Mfereji huo ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau, watu waliopangwa kwa nguvu. Bidii ya mkulima ipo, sikatai, lakini maji yalitangulia. Anayemwambia kijana asiye na maji wala shamba ati ajipange amemwonea, na hadithi inayokubaliana naye imemwonea mara ya pili.

Kwa hivyo, mwandishi mwenzangu, mhusika wako akiambiwa "rudi ujipange," usifunge ukurasa hapo. Tuonyeshe kifuko alichomo. Halafu tuambie, akishajipanga, ni nani atakayeshiba.