Mzazi Mwenye Alama 8 na Chuchu Zinazotoka Damu

Mwaka 1994 Deborah Jensen, Sheila Wallace na Patricia Kelsay wa Marekani walitoa kipimo cha unyonyeshaji kiitwacho LATCH. Muundo wake unafuata ule wa kipimo cha Virginia Apgar cha hali ya mtoto mchanga: mambo matano, kila moja alama 0 hadi 2, jumla 10. Mkunga anatazama mtoto ameshikaje ziwa, anasikiliza kama anameza, anaangalia chuchu imechomoza au imezama, anauliza maumivu, kisha anapima mzazi anahitaji msaada kiasi gani kumpakata mwanawe.

Je, alama hizo zinamtambua mtoto atakayeacha ziwa mapema? Jan Riordan na wenzake walichapisha jibu mwaka 2001. Kina mama waliokuwa bado wananyonyesha wiki ya 6 walikuwa na wastani wa 9.3, walioacha, 8.7. Uhusiano wa alama na muda wa kunyonyesha ulikuwa 0.26 tu. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: alama zinaeleza chini ya asilimia 7 ya tofauti zote. Kwa mzazi mmoja mmoja, huo ni utabiri hafifu.

Lakini jumla ilipovunjwa, kipengele kimoja tu kiliyatenganisha makundi mawili: maumivu.

Hapo ndipo kasoro ya kujumlisha inapoonekana. Chuchu nyekundu hupunguza alama moja. Zilizochanika na kutoka damu hupunguza mbili, kwa hiyo mzazi huyo bado anaweza kuandikiwa 8 kati ya 10 na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto wake anashika ncha ya chuchu tu, anaiminya kwenye kaakaa gumu, nayo inatoka kinywani imebonyea upande mmoja kama kalamu ya mwanzi. Mama anaanza kuiogopa saa ya kunyonyesha. Maumivu na hofu huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa. Mtoto analia, nyumbani wanasema maziwa hayatoshi, chupa inaletwa.

Cindy-Lee Dennis wa Kanada alipima upande mwingine, yaani mama anajiamini kiasi gani, kwa dodoso ambalo tangu 2003 lina maswali 14. Vipimo hivi viwili vingeenda pamoja.

Mkunga, alama ya maumivu iandike peke yake, kando ya jumla. Ukimwona mzazi anakunja uso mtoto anapovuta, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, aachie, umsubiri apanue kinywa, aanze upya.