Goti Lililotangulia

Mwaka 1937, katika mji wa Assisi nchini Italia, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa na umri wa miaka 28 aliingia peke yake katika kanisa dogo la kale, Santa Maria degli Angeli, ambamo Mtakatifu Fransisko alizoea kusali, na humo, bila ya kukusudia, akapiga magoti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jina lake Simone Weil. Alikuwa binti wa tabibu wa Paris, wa ukoo wa Kiyahudi usioshika dini yoyote. Alisoma falsafa katika École Normale Supérieure, na mwaka 1931 akafuzu mtihani unaompa mtu idhini ya kuifundisha. Mtu wa namna hiyo, tungedhani, angefika kwa Mungu kwa njia ya hoja: angeweka kauli ya kwanza, juu yake ya pili, hata siku moja tamati ya hoja zake imshurutishe kuinama. Kwake yeye mambo yalikwenda kinyume. Goti lilitangulia; hoja zilifuata nyuma zikihema, na baadhi yake hazikuwahi kufika.

Nimelizingatia goti lile kwa miaka mingi, na kila nilizingatiapo hunirudisha utotoni. Nililelewa katika nyumba ya Wakristo ndani ya mtaa wa Waislamu, na usiku wa maulidi ya homu sisi watoto tuliruhusiwa kuchungulia. Tuliona safu ya wanaume wa kanzu na kofia, wamepiga magoti bega kwa bega, wakiyumba kama mawimbi ya maji kujaa, polepole kwanza, matari yakiwaongoza, kisha kwa kasi, pasina bega hata moja kupotea na wenziwe. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza nimeona nini. Nikajibu kwamba nimeona watu wanacheza. Akanikanya: “Hawachezi, mwanangu. Wale wamo katika ibada.” Mama alisema kweli, nami sikusema uongo, kwa maana Kiswahili kina neno moja tu kwa mtoto afukuzaye mpira uwanjani na kwa mzee auitikiaye mwito wa ngoma kwa mabega yake, na neno hilo halikuomba radhi kwa yeyote kati yao.

Wamisionari wengi waliotuletea Injili waliiogopa ngoma, na insafu yataka niseme kwamba hawakuiogopa bure, kwani ndani ya ngoma mliingia mambo mengi: unyago, pepo, pombe na ushindani wa mitaa. Lakini walipoufunga mlango huo walimfungia nje Daudi pia, aliyecheza mbele ya Sanduku la Agano hata mkewe Mikali, binti Sauli, aliyekuwa akimtazama dirishani, akamdharau moyoni mwake. Kwa muda mrefu makanisa yetu yalikaa dirishani pamoja na Mikali. Huko Kongo mlango ulifunguliwa tena kwa juhudi za watu kama Kardinali Joseph Malula, hata mwaka 1988 Roma ikaidhinisha kitabu cha misa kwa majimbo ya nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati ule, ambamo padri na wahudumu wake huizunguka altare kwa kucheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Na tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha misa ya utaratibu huo katika kanisa la Mtakatifu Petro. Hilo lanifurahisha. Hata hivyo furaha ni kitu kimoja na taamuli ni kitu kingine, na si kila mwili utikisikao kanisani umekwenda kokote. Siku hizi hasa, penye vipaza sauti vingi, aghalabu mwili hutikiswa na vipaza sauti.

Wenye fani ya kuucheza utulivu wenyewe, kwa kadiri ya nijuavyo, ni Wahabeshi. Katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia wapo watu waitwao debtera, ambao si mapadri wala si waumini wa kawaida: ni wanachuoni wa zaburi na mashairi, watunzi na waimbaji, na kazi yao moja kubwa ni kucheza mbele ya Mungu. Uchezaji huo huitwa akwakwam, na neno hili asili yake ni kusimama. Msomaji wa Kiswahili hatalistaajabia sana, kwa kuwa mzizi wake ndio ule ule uliotupa sisi, kwa njia ya Kiarabu, kaimu na makamu, na hata kiyama, siku ambayo wafu watasimama. Basi katika lugha ya wenye fani hii, kucheza ni namna ya kusimama.

Ukiwatazama utaelewa kwa nini. Ibada zao ni ndefu, huchukua usiku mzima katika sikukuu kubwa, na kila mmoja hushika fimbo ndefu yenye kichwa kilichokingama, iitwayo mekwamia, neno la mzizi huo huo, ambayo huiegemea chini ya kwapa miguu inapochoka. Ni mkongojo wa mchovu, na mkongojo huo ndio chombo cha ngoma. Kwanza huimba kwa sauti tupu. Kisha fimbo huanza kwenda, mbele, chini, kando, kwa mwendo wa kupima ambao mgeni asiye na subira hudhani kuwa si mwendo; magoti huinama kidogo, mabega hufuata, nyayo haziachi ardhi ila kwa shida. Baadaye huingia manyanga ya chuma yaitwayo tsenatsel, na ngoma kubwa ya kuvaliwa shingoni, kebero, ambayo mikanda ya ngozi iliyoizunguka hufundishwa kuwa ni ukumbusho wa mijeledi aliyopigwa Yesu. Mapigo huongezeka, makofi huja mwishoni, na hapo wazee ambao saa nyingi kabla walikuwa wameegemea fimbo kama waliosinzia huonekana wepesi kuliko vijana. Lakini wepesi ule ni matunda tu. Ufundi wenyewe ulikuwa katika saa za mwanzo, fimbo ilipokuwa ikienda taratibu na nafsi ikizuiwa isiitangulie.

Fani hii husomwa, na husomwa kwa miaka. Mji wa Gondar umesifika kwa mafundisho yake. Wanafunzi wa shule hizi za kanisa kwa desturi waliishi katika vibanda, wakiomba chakula nyumba kwa nyumba, wakihifadhi kwa kichwa nyimbo ambazo hapana karatasi ingeweza kuwabebea. Mimi, nikiwa nyumbani kwangu na mlango umefungwa, nilipata kujaribu kwa bakora ya marehemu babu yangu mwendo ule wa kwanza tu, wa kuishusha fimbo na kuiinua pamoja na pumzi. Sikutimiza dakika tatu. Mkono ulikuwa bado unakwenda, lakini mwenye mkono alikwisha fika sokoni, anabishana na muuza samaki juu ya deni la juzi.

Wahabeshi huinasibisha fani yao na Mtakatifu Yared, wa Aksum, wa karne ya 6, na wanayo masimulizi mawili juu yake ambayo kwangu ni falsafa kamili. Yared alipokuwa mwanafunzi alikuwa mzito wa kushika masomo hata akakata tamaa na kutoroka. Akaketi chini ya mti, akamwona kiwavi anapanda shinani, anaanguka, anapanda tena. Mara sita alianguka, na ya saba akafika kwenye majani. Yared akarudi chuoni. Simulizi la pili ni la utu uzima wake. Alikuwa akiimba mbele ya Mfalme Gebre Meskel, na mfalme, kwa kuzama katika wimbo, akauegemeza mkuki wake juu ya mguu wa mwimbaji, ukapenya, damu ikatoka, na wala mfalme wala Yared hakutambua mpaka wimbo ulipokwisha.

Nisomapo habari za mguu ule siwezi kutomkumbuka Simone Weil, kwani yeye naye alikuwa na mguu wake. Mwaka 1936 alikwenda Uhispania kujiunga na wapiganaji wa kujitolea, na kwa kuwa macho yake hayakuona mbali na viungo vyake havikuwa na ustadi, akaukanyaga mtungi wa mafuta yaliyokuwa motoni, akaungua vibaya, akarudishwa nyumbani. Hakuwa mtu wa ngoma, asilani. Kabla ya hapo alikwisha fanya kazi viwandani kwa hiari yake, mwaka 1934 na 1935, apate kujua taabu ya wafanyakazi, na mashine zilimtesa kuliko wenziwe kwa sababu mikono yake haikutii. Akitoka huko, amechakaa, alifika katika kijiji cha wavuvi nchini Ureno, akawaona usiku, mbalamwezi ikiwaka, wake wa wavuvi wakizizunguka mashua kwa maandamano, mishumaa mikononi, wakiimba nyimbo za kale za huzuni. Hapo, kwa maelezo yake, ndipo alipoijua dini ya Kristo kuwa ni dini ya watumwa, na kwamba yeye ni mmoja wao. Nakuomba msomaji uangalie ni kitu gani kilichomfundisha: hakikuwa kitabu, ilikuwa ni wanawake wanaotembea katika duara.

Pasaka ya mwaka 1938 alikwenda katika monasteri ya Solesmes na kuzifuata ibada zote kwa siku kumi, akiwa na maumivu ya kichwa ambayo kila sauti iliyapiga kama nyundo. Alisema baadaye kwamba kwa juhudi kuu ya kusikiliza aliweza kuutoka mwili wake, akauacha uteseke peke yake pembeni, naye akapata furaha safi katika uzuri wa nyimbo. Hapa, kwa taadhima zote, sikubaliani naye. Kama mwili uliachwa pembeni, ni sikio la nani lililokuwa likisikia? Mwili wake haukubaki nyuma, sawa na mguu wa Yared ambao haukuondoka chini ya mkuki: ulibaki pale pale, unauma, unatoa damu, na ukawa ndio mlango. Debtera angeliweza kumweleza jambo hili kwa maneno machache. Lakini hawakukutana: Simone alipogusa ardhi ya Afrika, huko Casablanca mwaka 1942, alikuwa mkimbizi anayepita kwenda New York, na mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti, alifariki Ashford, Uingereza, akiwa na miaka 34. Katika barua alizompa padri wa Kidominiko, Joseph-Marie Perrin, alikuwa ameeleza kwa nini alichagua kukaa kizingitini mwa Kanisa asiingie kwa ubatizo, na kizingitini ndipo na debtera wasimamapo, kwa sababu nyingine.

Ila naamini kwamba fani ile aliipata kabla ya kufa, pasipo kuijua jina. Mwaka 1941, sheria za kuwabagua Wayahudi zilipokwisha mwondoa katika kazi ya ualimu, alikwenda kufanya kazi ya shamba katika bonde la mto Rhône, na wakati wa mavuno ya zabibu alikuwa amehifadhi sala ya Baba Yetu kwa Kiyunani. Aliisali kila asubuhi, na mara nyingi akairudia katika mizabibu, kwa sharti moja alilojiwekea: kila neno lipate usikivu mtimilifu. Jua linachoma, mgongo umeinama, mikono ile isiyo na ustadi inapapasa katikati ya majani; na akili ilipomtoroka njiani, hata kwa kitambo kidogo, hakuendelea mbele kana kwamba hakikutokea kitu. Alirudi kwenye neno la kwanza, akaanza upya, huku mkono ukishika kikonyo kingine.