Kamera Inapomwacha Mpishi Mkuu

Boiling Point, filamu ya Uingereza ya mwaka 2021, ina dakika 92 na haikukatwa popote. Mwongozaji wake, Philip Barantini, ambaye aliwahi kuwa mpishi, aliipiga Machi 2020 ndani ya mgahawa halisi wa Jones & Sons, mashariki mwa London. Mpango ulikuwa kuirudia mara nane. Korona ikawawahi wakiwa wamepiga mara nne tu, na mara ya tatu ndiyo iliyopelekwa sinema.

Waliosifu ufundi huo walimtazama zaidi mpiga picha, Matthew Lewis. Lakini mtindo huu wa kutokata umefanya kazi nyingine kubwa: umeamua nani aonekane, na kwa muda gani.

Nyota ni Stephen Graham, anayeigiza Andy, mpishi mkuu aliyelemewa na pombe na madeni. Kwenye filamu ya kawaida, mhariri angemrudia kila dakika mbili. Hapa hakuna mkasi. Kamera ikitaka kutoka jikoni kwenda ukumbini, sharti imfuate mtu anayekwenda huko, na wanaotembea sana mgahawani ni watu wa chini. Basi inamfuata Andrea, mhudumu mweusi anayeigizwa na Lauryn Ajufo, hadi kwenye meza ambako baba wa familia ya kizungu anamsemesha kwa dharau mbele ya wanawe. Hakuna tusi linalotajwa. Dharau imo katika sauti, na katika jinsi anavyomfanya binti huyo ajieleze kwa jambo dogo. Nyama ya kondoo inarudishwa, eti haijaiva. Andrea anaibeba sahani ileile hadi kwa wapishi, nao wanamfokea kwa sababu nyama iko sawasawa. Tunatembea naye kila hatua: kadhalilishwa ukumbini, kafokewa jikoni, na hana pa kuitua sahani.

Kama tukio hilo lingekatwa, tungeona dharau mbili zisizohusiana. Kwa kuunganishwa na mwendo wa miguu yake, ubaguzi unaonekana kama sehemu ya zamu, mzigo unaobebwa na mtu mmoja huku wenzake wakihesabu oda.

Ufundi wa pili ni wa kuchagua waigizaji, na Carolyn McLeod alituzwa kwa kazi hiyo katika tuzo za filamu huru za Uingereza. Carly, msaidizi wa mpishi mkuu, ni Vinette Robinson, mwanamke mweusi ambaye kwa kweli ndiye anayeliendesha jiko. Filamu haisimami kutueleza rangi yake. Inamwonyesha akionja, akipanga, akiziba mapengo ya bosi wake. Ndiyo maana anapomlipukia Beth, meneja na binti wa mwenye mgahawa, kwa kupokea wateja kupita uwezo wa jiko, maneno yake yana uzito: tumekwishaiona kazi aliyoifanya. Camille, mpishi Mfaransa, naye anahangaika kufuata Kiingereza cha haraka cha wenzake, jambo ambalo kila mhamiaji aliyefanya kazi za jikoni ugenini analijua.

Mtindo wa kutokata hata hivyo una gharama yake. Kamera ikishamwacha mtu, imemwacha. Sophia, mwosha vyombo mjamzito, anaelemewa na rundo la sufuria huku mwenzake akichelewa, na tunamwona kwa vipande vya kupita tu. Mtu anayesimama mahali pamoja usiku kucha hawezi kuibeba kamera, na jikoni anayesimama hivyo kwa kawaida ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Ilihitajika hila nyingine kwa ajili yake, na Barantini hakuitafuta.

Kwa Carly alirudi. Mwaka 2023 BBC ilionyesha mfululizo wa vipindi vinne vinavyoendeleza hadithi hii. Safari hii mpishi mkuu ni yeye, katika mgahawa wake uitwao Point North, akiwa na baadhi ya timu ileile.