Matanga Yaliyopigwa Marufuku

Katika kazi zote za darasani, ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mwalimu wa fasihi anayejua pa kusimama. Wanafunzi wana haraka. Wanataka waandikiwe maudhui ubaoni, ufisadi, udikteta, unafiki, nafasi ya mwanamke, wayakariri na mtihani upite. Yeye huwarudisha kwenye onyesho la kwanza na kuwauliza: hawa wazee wanatafuta nini kaburini?

Tamthilia ninayoisema ni Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyotoka mwaka 1976. Doga na Nina wako kwenye kaburi la mwana wao, Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano. Wanataka kufanya sherehe ya kunyoa. Wanakuja wanajeshi wawili, Jere na Mulili, na amri kutoka juu: sherehe isifanyike, kwa ajili ya amani.

Kwingine mwalimu atalazimika kueleza kunyoa ni nini. Busia hana haja. Huku kwa Wasamia, Wakhayo na Wamarachi, msiba hauishi kaburi likishafukiwa. Ukoo hukutana tena baada ya siku chache, nywele zikanyolewa, madeni ya marehemu yakatajwa mbele ya watu, na waliobaki wakajua nani atabeba mzigo gani. Pasipo hayo, kifo bado kimekaa uani. Kwa hiyo mtoto wa huku akisoma amri ile anaelewa mara moja kwamba wazee hawa wamenyimwa ruhusa ya kumaliza kulia. Kwangu mimi kiini cha tamthilia nzima kiko hapo. Utawala wa Kafira, nchi ya kubuni ya tamthilia hii, umeshamuua Adika, na bado haujatosheka. Unataka kuamua pia namna atakavyoombolezwa. Darasa likifika hapo, udikteta si neno la ubaoni tena.

Na mpaka huu wetu wa Kenya na Uganda una sababu zake za kuisoma tamthilia hii kwa makini. Februari ya mwaka huohuo wa 1976, Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda kihistoria, akikumbusha kwamba hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Nchi ya Wamaragoli, alikozaliwa Imbuga mwaka 1947, ilikuwa ndani ya madai hayo. Msomaji wa Busia au Malaba hakuhitaji kuibuni Kafira kichwani, kwani habari za utawala wa namna hiyo zilivuka kila siku pamoja na watu waliokimbia kutoka Uganda.

Mwaka uliofuata, tamthilia ya Imbuga ilipelekwa Lagos kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC. Uganda nayo ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko ya Byron Kawadwa, mchezo wa nyimbo kuhusu fitina za ikulu. Imbuga alirudi nyumbani, akaandika na kufundisha hadi alipofariki mwaka 2012. Kawadwa alirudi Kampala, akakamatwa na watu wa Amin, akauawa mwaka huohuo wa 1977. Watawala pia husoma tamthilia, na Amin aliielewa ya Kawadwa vizuri sana.

Nimrudie Mulili, kwa sababu ndiye anayepotoshwa zaidi na miongozo inayouzwa madukani. Humwita katili, ikamalizana naye. Ukimfuata kwa utulivu utaona anataka vitu vidogo: shamba, ng'ombe wa gredi, tenda ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Kwa tenda hiyo anamchongea mshindani wake, Kabito, kwa binamu yake Boss, mtawala wa Kafira, na Kabito anauawa. Ni nani kwenye mji wa mpakani asiyemjua mtu wa namna hii, mwenye jamaa ofisini? Mwishoni, mchezo unaoigizwa na wafungwa ndani ya tamthilia unapogeuka kuwa mapinduzi na bunduki za maigizo kuwa za kweli, Mulili ndiye wa kwanza kumkana Boss. Jusper, ndugu yake Adika, anampiga risasi Mulili. Boss anaachwa hai. Wengi hulalamika kwamba haki haikutendeka; mimi naona Imbuga alipatia. Boss amebaki hai kusikia wa damu yake mwenyewe akitaka auawe, na sisi tumebaki na swali la nani aliyemfanya awe Boss.

Mwalimu wa Busia, nawe wa Tororo ng'ambo ya pili, siku utakayoifundisha, funga mwongozo. Wasimamishe wanafunzi waigize onyesho la kaburini kwa sauti, kwa muda wote linaohitaji. Na sehemu ya Mulili mpe yule mpole kuliko wote darasani.